SIKU NNE KANDO YA ZIWA

Ukipanda ukingo wa Manga asubuhi ambayo mvua ilinyesha usiku na anga imetakata, utaona upande wa kaskazini-magharibi mstari mweupe, mwembamba kama uzi. Hilo ndilo Ziwa Victoria. Wazee wa kwetu humwonyesha kila mgeni uzi huo kwa fahari, utadhani ni wao waliolichimba ziwa lenyewe. Mimi nimeutazama tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni. Lakini hadi likizo ya Aprili iliyopita sikuwa nimewahi kutia hata kidole kimoja katika maji hayo. Wala sikuwa peke yangu. Mwalimu wetu wa Jiografia alipouliza darasani ni nani amewahi kufika ziwani, kati yetu sote arobaini na saba wa Kidato cha Tatu mikono iliyoinuka ilikuwa tisa. Na omena tunakula kila wiki!

Katika vitabu vya Kiingereza tunavyosoma, watu wakimaliza majira ya baridi huingia majira ya machipuko. Hapo hubeba mahema, wakaenda kando ya ziwa, wakalala kifudifudi kwenye nyasi na kusoma riwaya. Kwetu hakuna majira kama hayo. Kwetu Aprili ni masika, na masika ni kazi. Kama kuna kinachochipua, basi ni majani chai. Mvua ikianza kushuka, yale majani mawili na kichipukizi hurudi upesi kiasi kwamba ukimaliza kuchuma upande mmoja wa shamba, upande wa pili umekwisha kuiva unakuita. Mahindi nayo yanataka palizi. Kwa hiyo mtu akikwambia maneno ya kupumzika mwezi wa Aprili huko Nyamira, utadhani anakutania.

Hebu niwaeleze kidogo siku ya mwanafunzi wa kutwa, maana wenzetu wa mabweni huenda wakafikiri sisi tunakula raha kwa mama zetu. Saa kumi na nusu alfajiri niko macho. Nakama ng'ombe, nawapikia wadogo zangu wawili chai, halafu natembea karibu saa nzima kufika shuleni. Jioni kuna maji ya kuteka, kuni, chakula, kisha vitabu mpaka saa tano usiku. Jumamosi ni chai kutwa nzima. Baba ni mlinzi huko Nakuru na huja mara mbili kwa mwaka. Muhula wa kwanza wa mwaka huu nilisinzia sana katika somo la Kemia hadi wenzangu wakanibatiza jina "Kloroformu". Sikuwakasirikia. Lilikuwa jina zuri kuliko mengine waliyopewa watu darasani humo.

Basi huyo mwalimu wa Jiografia, ambaye pia ni mlezi wa Skauti, akatangaza kambi ya siku nne kando ya ziwa, karibu na Kendu Bay. Ada ilikuwa shilingi mia nane na hamsini, gorogoro mbili za mahindi, moja ya maharagwe, blanketi na chandarua. Shabaha ya kambi aliiandika ubaoni kwa herufi kubwa: KUPUMZIKA. Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka.

Sikumwambia Mama kwa siku tatu. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu mwenyewe: siku nne bila mikono yangu, kila siku kilo ishirini, ni kilo themanini za majani ambazo hazitafika kwenye kituo cha kununulia chai. Siku ya nne, tukiwa tunamenya ndizi, Mama akaanza yeye.

"Mwalimu wako alinipigia simu," akasema. "Anasema huwa unalala darasani. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, Mama?"

Alimenya ndizi mbili nzima bila ya kusema neno. Kisha akahesabu kwa vidole, nikamwona anafika palepale nilipofika mimi, kwenye themanini. Nikajua mambo yameisha.

"Mimi nikiwa msichana kama wewe," akasema, "nilisimama pale Manga nikamwambia nyanya yako kwamba siku moja nitaenda kule kwa maji. Sasa nina miaka arobaini na minne. Wewe nenda. Lakini usiingie ndani. Maji hayana tawi la kushika."

Siku ya siku ikawadia. Tulikuwa wanafunzi ishirini na wawili na walimu wawili. Matatu ilituchukua kutoka mjini Kisii, ikapita Oyugis, halafu ikaanza kuteremka. Msomaji, mtu asikudanganye kwamba nchi ni moja. Tulipoondoka tulikuwa na sweta, migomba kila upande na ukungu. Haukupita muda mrefu sweta zikawa mapajani, migomba imebaki nyuma, na mahali pake pamekuja miti ya miiba, mtama na ng'ombe wenye vumbi. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa milimani tunaishi mamia ya mita juu ya hapo, kwa hiyo masikio yaliziba tukawa tunapigiana kelele kama viziwi. Halafu dereva akakata kona, na ule uzi wangu wa Manga ukafunguka ukawa shuka isiyo na mwisho. Hakuna aliyesema kitu. Hata wale wavulana wa nyuma waliokuwa wakiimba tangu Kisii walinyamaza.

Mwalimu alitukumbusha kwamba ziwa hili lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na kwamba sehemu ya Kenya ni kama sita tu katika kila mia. Zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Nikawaza, kama hii ndiyo sita, hiyo mia nzima ikoje?

Hema tano zilisimamishwa katika uwanja wa shule moja ya msingi, mbali kidogo na maji kwa sababu viboko hutoka usiku kula nyasi. Masharti yalikuwa machache lakini makali: hakuna kuoga ziwani, kwa ajili ya kichocho na mamba, hakuna kulala nje ya chandarua, kwa sababu mbu wa huku hawana huruma na damu ya watu wa baridi, hakuna kwenda ufukoni peke yako. Baada ya hapo, mwalimu akasema, hakuna kazi.

Hayo maneno "hakuna kazi" yalinitesa kuliko mbu. Usiku wa kwanza nililala kama gogo, lakini saa kumi na nusu alfajiri macho yalifunguka yenyewe. Hapakuwa na ng'ombe. Hapakuwa na wadogo zangu. Mikono ilikuwa ikitafuta kazi gizani kama mtu anayetafuta kiberiti. Nikatoka, nikapata ufagio wa shule, nikaanza kufagia kuzunguka mahema. Mwalimu wa kike aliyekuwa nasi alitoka na tochi akaninyang'anya ule ufagio.

"Rudi ulale."

"Siwezi, Mwalimu."

"Basi keti hapo uangalie."

"Niangalie nini?"

"Chochote."

Nikaketi juu ya jiwe. Kwa muda mrefu niliona giza tu na kusikia maji yakilamba ukingo. Kisha upande wa kwetu mbingu ikaanza kupauka. Ndege mdogo mweusi kwa mweupe, mdiria, akaja akasimama angani juu ya maji. Nasema akasimama: mabawa yanapiga lakini hasongi mbele wala nyuma, kichwa kimeinama. Ghafla akaanguka kama jiwe, akatoka na kisamaki kinang'aa. Alifanya hivyo mara saba. Mara nne alikosa. Nilihesabu. Nilipogeuka, jua lilikuwa limechomoza na chai imepikwa na watu wengine, nikaletewa kikombe mkononi. Sikumbuki mara nyingine maishani mwangu nilipoletewa chai asubuhi nisipokuwa mgonjwa.

Siku ya pili tulitembea kwenda Simbi Nyaima. Hili ni ziwa dogo la mviringo lililo jirani tu na ziwa kubwa, lakini hayafanani hata kidogo. Maji yake ni ya kijani kibichi na yana magadi, na samaki hamna. Mwaka 2000 serikali ililifanya hifadhi ya taifa, na ukibahatika utakuta heroe wamejipanga kwenye maji ya kina kifupi, wekundu kwa mbali kama maua, wanachuja viumbe vidogo vya kijani ambavyo ndivyo chakula chao. Sisi tulibahatika.

Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa wanakunywa pombe na kucheza ngoma, akaja ajuza mmoja, ana njaa na amelowa mvua. Akafukuzwa kila alikopita. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea, akampa chakula na moto. Ajuza akamwambia mwenyeji wake waondoke pamoja naye, na walipokwisha kuondoka, maji yakakifunika kijiji chote na walevi wake. Jina lenyewe la Kijaluo lataja kijiji kilichozama. Mwalimu wa Jiografia naye akaeleza kwamba shimo lile lilitokana na mlipuko wa volkano. Ubishi ukazuka njiani kati ya watu wa volkano na watu wa ajuza, ukadumu hadi kambini. Mimi nilikuwa upande wa volkano, lakini jioni ile bibi mmoja mzee alipokuja kuomba maji kwenye jiko letu, niliona watu wa volkano ndio waliokimbia kwanza kumpa kiti!

Bibi huyo aliishi karibu na ule uwanja. Tulimwamkia shikamoo kama tulivyofunzwa, akacheka, akasema huku watu husalimiana kwa mkono, akatushika mikono wote ishirini na wawili. Alipojua tumetoka Kisii na Nyamira alifurahi kama amepata jamaa zake.

"Mimi nimeuza omena Daraja Mbili mpaka magoti yakakataa," akasema. "Nilikuwa nikirudi na ndizi na ile mboga yenu."

Tukasema chinsaga. Yeye akasema dek. Kumbe ni mgagani uleule, kila mtu anaula kwa jina lake.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta ufukoni, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Kando yake palikuwa na nyavu zimekunjwa na uwanja mpana mtupu. Nikamwuliza omena wanaanikwa wapi.

"Hapa hapa. Lakini sasa hakuna. Serikali imefunga omena, Aprili mpaka Julai, ati wazae."

Nikasema hilo ni jambo jema, hata ziwa limepewa likizo kama sisi.

"Ni vizuri wazae," akajibu. "Wasipozaa tutakula nini kesho? Lakini samaki wakipumzika miezi minne, mimi nakula nini leo?"

Sikuwa na jibu na sikujaribu kutoa. Nilikaa naye juu ya ule mtumbwi. Nilikuwa nimejifunza kukaa kwa siku mbili tu, yeye alikuwa amekaa tangu tarehe mosi ya mwezi. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamweleza: chai, ng'ombe, wadogo zangu. Nikamwambia pia kwamba kwetu, kwa Ekegusii, mama huitwa "baba". Alicheka hadi akafuta machozi kwa leso.

Mchana huo ndipo nilipoliona jambo ambalo limenifanya niandike insha hii.

Tulikuwa tumekula ugali na samaki, na watu wamelala chini ya miti. Upepo ulikuwa ukitoka ziwani, unapita juu yetu kuelekea nchi kavu, mtamu kwelikweli. Nilikuwa nimelala chali. Kisha nikageuza kichwa upande wa kusini-mashariki, nyuma ya mlima Wire, mahali ilipo milima ya kwetu. Juu yake mawingu yalikuwa yanajengeka, meupe kwanza, kama pamba inayorundikwa, halafu chini yakawa ya kijivu, halafu meusi. Juu yetu sisi jua lilikuwa linawaka.

Mwalimu wa Jiografia alikuwa macho. Nikamwuliza. Akachora mchangani kwa kijiti: mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa yenye unyevu kutoka ziwani huja kushika nafasi. Ikifika kwenye milima ya Kisii, Nyamira na Kericho hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, ikipoa ni mvua, pengine na mawe ya barafu. Ndiyo maana kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri. Usiku mambo hugeuka: upepo hurudi ziwani na radi hupiga juu ya maji karibu na alfajiri.

Nikatazama saa yake. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Saa nane na nusu Mama huwa anamalizia mistari ya juu ya shamba. Saa tisa hubeba kikapu mgongoni kwenda kituoni, na njia ile ina utelezi. Upepo uleule uliokuwa unanipoza shavu ndio uliokuwa ukienda kumnyeshea. Uliacha ubaridi kwangu ukabeba maji kwake. Tangu utoto wangu nimeona mvua ya saa tisa ikimlowesha Mama, na sikuwahi kujua inatoka wapi. Inatoka kwenye ule uzi mweupe.

Nilitaka kusimama. Niende wapi? Mikono ikaanza tena kutafuta kazi. Nikabaki nimelala pale, nikayatazama mawingu mpaka yakaifunika milima yote isionekane. Sijui niite nini nilichokihisi. Si huzuni, maana mvua ile ndiyo chai yetu na karo yangu. Wala si raha.

Jioni tulitembea hadi mahali mto Awach Kibuon unapoingilia ziwa. Mto huo huanzia milima ya kwetu. Maji yake yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa iliyokolea, na yaliingia ziwani yakachora njia ndefu ya tope katikati ya maji ya buluu. Mwenzangu wa dawati akasema, "Tazama, shamba la kina fulani hilo linapita," na sote tukacheka, lakini rangi ile ilikuwa ya udongo wa kwetu kabisa, ule unaoshika kwenye viatu vya shule. Mwalimu aliongeza kwamba si mvua na udongo tu: hata misheni ya Waadventista ilianzia huku Gendia mwaka 1906 kabla ya kupanda Nyanchwa mwaka 1912. Nikafikiri, kumbe sisi na watu wa ziwa tumekuwa tukipelekeana vitu siku zote, ila watu wenyewe ndio hatutembeleani.

Usiku wa mwisho, kama mwalimu alivyotabiri, radi ilikuja saa tisa na ushei. Hamkani si shwari tena! Hema la wavulana lilianguka, maji yakaingia kwetu hadi kwenye mablanketi, tukamalizia usiku katika darasa la watoto wadogo, tumekaa kwenye vidawati magoti yamefika kidevuni. Ajabu ni kwamba nililala. Nililala nimeketi, katikati ya kelele za mabati, mpaka saa moja na nusu asubuhi. Mimi, Kloroformu, nilikuwa wa mwisho kuamka.

Kabla hatujaondoka nilikwenda kumuaga yule bibi na kumpelekea ndizi zilizobaki. Alizipokea kwa mikono miwili.

"Mwambie mama yako aje," akasema. "Mwambie kuna nyanya hapa ana kiti."

Nilifika nyumbani saa kumi jioni. Mvua ilikuwa imekwisha kupita, na Mama alikuwa ndiyo anaingia kutoka kituoni, leso imemganda kichwani, kikapu kitupu. Wadogo zangu walitaka hadithi za kiboko. Nikawaambia nilisikia sauti tu, wakasikitika. Nilimwuliza Mama amechuma kilo ngapi siku hizo nne. Akasema nisiulize mambo hayo. Kisha akakaa, jambo ambalo si la kawaida saa hizo, akataka nimweleze maji yakoje. Nikamweleza mdiria, Simbi, mto mwekundu na mawingu. Nilipofika kwenye mawingu alisikiliza bila kunikatiza, akatazama dirishani upande ambao mvua huja.

"Kumbe inatoka mbali hivyo," akasema.

Nikampa salamu za yule bibi, neno kwa neno, pamoja na habari ya kiti.

"Nauli ni ngapi?" akauliza.

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza kidogo.

"Agosti majani huwa machache," akasema. Nami nikakumbuka kwamba Agosti omena watakuwa wamefunguliwa. Niliinuka kuchukua ndoo ya maziwa, lakini akawa amekwisha kuishika yeye, akatoka kwenda kumkama ng'ombe.